Baharia Katika Simu ya Mke Wangu

Sehemu ya Tano

Mlionifuata tangu sehemu ya kwanza mnanijua na aibu zangu. Wewe unayefungua ukurasa huu leo, naitwa Festo. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Mandewa, Singida mjini. Mke wangu Eliana ni binti wa Ilongero, na kazi yake ni kukagua meli za kigeni pale bandari ya Dar es Salaam.

Ndiyo. Mtoto wa wakulima wa uwele, aliyeona bahari kwa mara ya kwanza ana miaka ishirini, ndiye anayepanda meli iliyotoka ng'ambo na kumwambia nahodha, "Huondoki hapa mpaka utengeneze hiki na hiki." Na nahodha anatii, maana serikali ndiyo iliyomtuma.

Nilikwisha kuwaeleza jinsi nilivyomwonea wivu. Niliionea wivu kofia yake ngumu, buti zake, na wanaume anaoshinda nao siku nzima huko melini. Wiki iliyopita niliwaacha pale alipokuja likizo, akaenda kuoga, simu yake ikalia mara moja mezani, nami nikaifungua.

Aliyeandika aliitwa Leonidas: neno moja tu, "Asante," na juu yake ujumbe wake wa asubuhi ile.

"Nimefuta meseji zote za nyuma, na wewe futa. Tarehe kumi na nne tunafika. Njoo mwenyewe. Nitakuwa kule chini, mlango wa kushoto, wenzangu wakienda kula. Maisha yangu yako mikononi mwako."

Na jibu la mke wangu lilikuwa hili: "Usiogope. Nitakuja mwenyewe. Usimwambie mtu, hata nyumbani kwenu."

Hebu rudia kusoma maneno hayo, halafu uniambie wewe ungewaza nini.

Nilitoa simu yangu, nikapiga picha kioo cha simu yake. Nikanakili na namba ya huyo mtu. Nilifanya haraka kama mwizi, na kweli nilikuwa naiba.

Aliporudi, nilikuwa nimekaa palepale.

"Likizo yako inaisha lini, Mama Loyce?"

"Tarehe ishirini. Umesahau?"

"Hutaondoka kabla ya hapo?"

Alichelewa kujibu. Mtu asiye na jambo hachelewi.

"Huenda nikaitwa," akasema. "Kuna meli inaingia tarehe kumi na nne. Nikiitwa nitaondoka tarehe kumi na mbili."

"Dar es Salaam nzima wakaguzi wamekwisha, mpaka mtu atolewe Singida?"

"Hiyo meli naijua mimi."

"Unaijua meli, au unamjua mtu aliye ndani ya meli?"

Akanitazama. Nikaona nimefika mbali, basi nikamalizia.

"Leonidas ni nani?"

Nilitaka ashtuke. Nilitaka alie, aombe msamaha, anishike miguu. Yeye alivuta kiti tu akakaa.

"Umefungua simu yangu, Baba Loyce."

"Mimi nimeuliza swali."

"Ni mtu wa kazi. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia, na kama unanipenda usiniulize. Sheria inanikataza."

"Sheria gani ya kumkataza mke asimwambie mumewe?"

"Ipo. Tena si ya kwetu peke yetu, nchi nyingi zimeisaini. Nikimtaja huyo mtu, ni sawa na kumuua."

Nilicheka. Kicheko kibaya, kile kinachotoka puani. Nilichosikia mimi ni mwanamke anayemkingia kifua bwana wake.

Jioni ile nilitengewa ugali wa uwele na mlenda, chakula ninachokipenda kuliko vyote. Nikala kama natafuna udongo.

Tarehe kumi na mbili akaondoka. Nilimbebea begi mpaka stendi, akapanda basi la Dodoma ili akachukue treni ya umeme huko. Kabla ya kupanda alinishika mkono.

"Nikirudi nitakueleza yote. Vumilia siku tatu tu."

Siku tatu! Ningevumilia hizo siku tatu, nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia.

Niliporudi kwenye mashine nilimkuta Melkiori ananisubiri. Huyu ni wa Unyambwa, nilisoma naye sekondari. Sasa yuko Dar es Salaam, kwenye kampuni ya mawakala wa meli, wale wanaoshughulikia mambo ya meli za kigeni zikifika nchini. Alikuja Singida kutafuta mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, ya kusafirisha nje.

"Festo bwana, mbona umenuna hivyo? Umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa."

Nikamweleza. Nikampa simu asome mwenyewe. Mara ya kwanza alisoma akitabasamu, kama mtu anavyosoma fedheha ya mwenzake. Akasoma tena. Safari hii tabasamu likamtoka.

"Hebu nione hiyo namba," akasema. Akalinganisha na namba zilizokuwa kwenye simu yake. "Huyu tunaye. Ni fundi wa injini kwenye meli moja inaitwa Almara. Ni Mtanzania, mtu wa Iramba, hapahapa mkoani Singida. Meli inafika tarehe kumi na nne, na mawakala wake ni sisi."

Mtu wa Iramba! Kumbe hata mzungu hakuwa. Nilikuwa naibiwa mke na jirani.

"Na hiyo Almara ni meli ya nani?"

"Mwenye meli yuko nchi moja, nahodha katoka nchi nyingine, na bendera wanayopeperusha ni ya nchi ambako meli yenyewe haijawahi kutia nanga. Ndivyo meli zilivyo, ndugu yangu. Serikali zinatunga sheria, wenye meli wanatafuta bendera isiyouliza maswali. Wanaotusumbua ni hawa wa bandarini, kina shemeji." Akanirudishia simu. "Nitumie hiyo picha."

"Ya nini?"

"Unataka huyo mtu akome, au hutaki?"

Nilitaka. Mungu anisamehe, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaituma palepale, mbele ya magunia ya alizeti.

Melkiori akaifungua, akaisoma tena kwa sauti ndogo. "Kule chini, mlango wa kushoto." Kisha akanipiga bega. "Niachie mimi. Tarehe kumi na nne huyo hatamwona mkeo."

Sikujiuliza mlango wa kushoto unamhusu nini yeye. Siku ile nilikula nikashiba.

Tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri, Eliana akapiga.

"Baba Loyce, nisikilize, usinikatize." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nimepanda ile meli. Walijua kwamba nakuja. Walijua mpaka mahali ninapokwenda kuangalia. Nimefungua mlango, nimekuta ukuta umepakwa rangi, bado mbichi inashika vidoleni."

"Ukuta gani?"

"Huelewi, na sasa hakuna haja ya kukuficha tena. Palikuwa na bomba la kificho. Mafuta machafu ya injini yanatakiwa yachujwe kwanza. Wao wanayamwaga baharini moja kwa moja kwa bomba hilo, na wakikaribia bandari wanalifunika. Leonidas ndiye aliyeniambia. Leo bomba halipo, na Leonidas hayupo."

"Kwa hiyo hukumwona?" nikauliza.

Nawaandikia ukweli, maana bila ukweli ukurasa huu hauna kazi. Mke wangu alikuwa analia, na swali langu lilikuwa hilo. Na jibu lake lilinifurahisha.

"Sikumwona. Nahodha anasema ametoroka meli ilipokuwa imetia nanga nje, ikisubiri zamu ya kuingia. Mtu atatoroka vipi katikati ya maji?"

Furaha yangu ilianza kupoa.

"Kuna jingine," akasema. "Ofisini wameletewa malalamiko yasiyo na jina. Wameletewa na picha ya ujumbe wetu. Wanasema nina uhusiano na baharia wa meli ninayoikagua. Bwana Godfrey, mkuu wangu, amenisimamisha mpaka uchunguzi uishe. Ripoti yangu haipokelewi. Na kwenye meli ile, boti za kuokolea watu zote mbili injini haziwaki. Watu kumi na tisa, Baba Loyce. Keshokutwa wanarudi baharini hivyohivyo."

"Hiyo picha imetoka wapi?"

"Nadhani walimnyang'anya simu yake."

Nikashusha pumzi. Fikiria mtu wa namna gani anashusha pumzi hapo.

Tarehe kumi na sita, saa sita mchana, nikiwa namsubiri mke wangu afike kutoka Dodoma, ikapigwa hodi mlangoni. Nilifungua nikakuta wazee wawili, mwanamume na mwanamke, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Mama alikuwa ameshika dumu dogo la asali.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mama mkaguzi?"

"Ndipo. Mimi ni mumewe. Karibuni."

Walikaa ukingoni mwa viti kama watu wasiotaka kuchafua. Mzee akajitaja kuwa ni Simeoni, na mkewe ni Raheli, wametoka Kinampanda, huko Iramba. Akasema ni wazazi wa Leonidas.

Nilikwenda jikoni kuwatafutia maji. Nilikaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

"Alituambia," mama akasema niliporudi, "zikipita siku mbili hajapiga, twende Mandewa kwa Eliana mkaguzi. Akasema huyo ni mtu wetu. Walijuana mwaka jana. Mwanangu alimsikia juu ya meli anamgombeza mtu kwenye simu kwa Kinyaturu, lugha ya huku Singida, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema tangu siku hiyo akajua kuna serikali anayoweza kusema nayo."

Mzee Simeoni akanipa picha ya mwanawe. Na mimi, badala ya kumtazama kama mtu aliyepotea, nilimtazama kama mwanamume anavyomtazama mshindani wake. Masikio makubwa. Meno mazuri. Nikapima mabega yake na yangu.

Hapo Eliana akaingia.

Aliwasalimia wazee kwa kupiga magoti. Alipojua ni akina nani, alimkumbatia mama yule wakalia pamoja. Mzee alisubiri. Walipotulia, Eliana akawaeleza yaliyotokea melini, na mzee akauliza swali moja tu.

"Mama mkaguzi, nani amemuuza mwanangu?"

Eliana alifuta uso.

"Baba, mpaka jana nilidhani wamechukua simu yake. Leo kwenye treni nimeiangalia tena ile picha ya ujumbe wetu iliyoletwa ofisini. Juu ya ujumbe limeandikwa jina Leonidas. Picha ingepigwa kwenye simu yake, juu lingekuwa jina langu." Akaiweka simu mezani, taratibu. "Imepigwa kwenye simu yangu. Na simu yangu haijaachwa mahali popote ila ndani ya nyumba hii."

Hakunitazama. Angenitazama ningepata nafuu.

Simu yake ikaita. Alikuwa Bwana Godfrey, Eliana akamweka sauti ya nje, sote tukasikia.

"Eliana, mimi nakuamini, lakini kuamini si ushahidi. Almara inang'oa nanga saa kumi na moja jioni leo. Nipatie mtu aliyepiga ile picha. Akiandika kwa mkono wake kwamba ni yeye, na kwa nini alifanya, malalamiko yanaanguka, ripoti yako ya boti inasimama, na meli naizuia ikiwa bado kwenye maji yetu. Ikishatoka, labda wenzetu wa bandari inayofuata waizuie, na bandari inayofuata ni wiki mbili. Katika wiki mbili lolote linaweza kumpata huyo kijana, kama bado wamemficha humo."

Simu ikakatwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi.

Niliwaza mengi. Niliwaza kukimbia. Niliwaza kumtupia lawama Loyce, mtoto wetu wa miaka tisa, kwamba alichezea simu. Naandika hili ili mjue kina cha shimo nililokuwemo.

"Ni mimi," nikasema.

Mama Raheli alidhani hakusikia vizuri. "Nini, mwanangu?"

"Ni mimi niliyepiga ile picha. Nilidhani Leonidas ni bwana wa mke wangu. Nikampa mtu."

Wazee wakaangaliana, wakasemezana maneno mawili matatu ya Kinyiramba. Nilitegemea bakora ya mzee. Haikuja. Ila mama yule alilisogeza lile dumu la asali kutoka mezani, akalirudisha miguuni pake.

"Andika," Eliana akasema.

Niliandika kwenye daftari la shule la Loyce. Niliandika jina langu, kazi yangu, na neno wivu, ambalo kwenye karatasi ya kwenda serikalini linaonekana la kitoto sana. Eliana alisimama nyuma yangu akisoma. Nilipofika kwenye jina la Melkiori, kalamu ikasita, akasema tena, "Andika." Akaipiga picha barua, akaituma.

Tukakaa tunasubiri. Hakuna aliyekunywa maji.

Saa tisa na nusu Bwana Godfrey akapiga.

"Nimeizuia. Vijana wangu wamo melini tangu saa nane. Boti zote mbili ni mbovu, kama ulivyoandika, na safari hii wamepata vipande vya bomba vimefichwa chini ya mbao." Akakohoa. "Lakini kijana hayumo. Tumefungua kila chumba. Nahodha amebanwa, sasa anasema hakutoroka. Alishushwa meli ikiwa nangani, akaondoka na boti ya mawakala. Aliyemchukua anaitwa Melkiori. Polisi wamekwenda ofisini kwake, hayupo. Kwenye barua mumeo anasema anamfahamu. Mwambie ampigie simu sasa hivi, kabla hajasikia kwamba meli imezuiwa."

Watu watatu wakanigeukia. Nikatoa simu, nikaitafuta namba, nikapiga. Nikaweka sauti ya nje.

Iliita mara tano. Ya sita ikapokelewa.

"Halo?"

Hakuwa Melkiori. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayesema huku kaziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yake upepo ulikuwa unagonga bati.

Mama Raheli aliijua kabla yetu sote. "Leonidas! Mwanangu!" Akaanguka magotini pangu, akaishika mikono yangu iliyoshika simu.

"Mama? Mama, nyamaza, watasikia. Aliyenileta huku kaisahau simu, ametoka nje mara moja."

Eliana aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Leonidas! Ni mimi, Eliana! Meli tumeizuia. Uko wapi? Niambie unaona nini hapo ulipo!"

Ile sauti ikasema, kama mtu anayelia na kucheka kwa pamoja, "Nilijua utanitafuta. Nilijua wewe hutaniacha."

Miaka kumi na moja ya ndoa, na mke wangu hajawahi kuliita jina langu kwa sauti aliyoliitia lile. Nilikwisha kuungama. Nilikwisha kuandika kwa mkono wangu kwamba nilikosea. Mama wa watu alikuwa analia juu ya mapaja yangu. Na pamoja na hayo yote, wivu ulininyanyukia palepale, moto uleule, kutoka tumboni mpaka kwenye vidole.

"Haraka, Leonidas," Eliana akasema. "Uko wapi?"

"Niko ghalani, nyuma ya—"

Simu ikakatika.

Ilikuwa mkononi mwangu. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kioo.

Mzee Simeoni akasimama. Mama Raheli akainua uso, akaniangalia, kisha akakiangalia kidole. Eliana hakupandisha sauti hata kidogo.

"Festo. Umeikata?"